Kidonge cha Daku

Alhamisi, Ramadhani. Joto la Kariakoo leo halina adabu, na mimi nina hasira tangu adhuhuri.

Mama nusura azimie uani. Alikuwa anachambua mchele wa futari, mara mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtiririka, akaniita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki. Nikajua sukari yake imeshuka. Ndani hatuna hata kijiko cha sukari; duka la ushirika lina foleni tu. Nikakimbilia kwa Mama Meena, jirani yetu Mhindi, akanipa kipande cha sukari guru bila kuuliza. Nikakiyeyusha, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakamrudi.

"Umenivunjia funga yangu, wewe mtoto," akasema.

Kumbe tangu mwezi uandame anameza vidonge vyake vya kisukari vyote vya siku wakati wa daku, ili mchana afunge kwa amani. Hakumwuliza mtu. Kwake dawa ni dawa, ukishaimeza umejikinga.

Haya ndiyo tunayosoma Chuo Kikuu, Mlimani. Kongosho lina seli zinazotunza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ndani ya vifuko. Seli imezungukwa na utando wa mafuta, na kila kifuko nacho kina utando wake wa mafuta. Sukari ikipanda, protini zilizopachikwa kwenye utando wa seli hupitisha habari, kifuko husogea ukingoni, mafuta yakaungana na mafuta kama matone mawili juu ya mchuzi, insulini ikamwagika nje. Sukari ikishuka, kazi hupoa. Lakini kidonge cha Mama huzisukuma protini hizo moja kwa moja, insulini itoke. Hakiulizi kama mtu amekula.

Nilimweleza hivyo hivyo, kwa mchuzi. Alinisikiliza vizuri kabisa. Kisha akasema kesho anafunga.

Naogopa.

Jioni nikamwita Mjomba Saidi, mwalimu wa madrasa. Akamwambia Mama kwa upole kwamba mgonjwa wa namna hii ana ruhusa, alishe maskini badala ya kufunga. Mama akaitikia yote. Mjomba alipoondoka ndipo akatoa la moyoni.

"Nyumba nzima ua ni huu mmoja. Mtu mzima mimi, nionekane nakula mchana wa Ramadhani?"

Kwa hiyo dini haimzuii. Anachoogopa ni macho ya wapangaji wenzetu, na hilo halimo katika kitabu changu chochote.

Haya basi. Kesho tunaenda zahanati wampangie upya vidonge vyake. Kabla ya hapo atakula. Mimi nimefunga, lakini asubuhi jua likiwa limeshatoka nitaliweka jiko la mkaa katikati ya ua, niteleke uji wake, nilipepee mwenyewe mbele ya kila mlango. Mwenye neno aniambie mimi.