Nilipanda Nusu ya Linux Kama Ngolo

Mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni Notburga wa Mkumbi, na ninakuandikia nikiwa na hasira kuliko aibu, kwa hiyo ukiona maneno yangu yanakimbia unisamehe.

Sisi wakulima wa kahawa tulianzisha kikundi chetu baada ya wanunuzi binafsi kuanza kupanda milima na magari yao, maana wanachukua kahawa yetu iliyooshwa vizuri wanaichanganya na ya mtu aliyeianika chini kwenye vumbi, halafu yote inaitwa ya Mbinga, basi. Tukasema msimu huu kila gunia litabeba lebo yenye jina la mlima na jina la kikundi, na marafiki wa parokia wakatupa kompyuta yenye mfumo wa Linux, ile Debian toleo imara, kisha mwaka huu wakaleta printa mpya ya lebo. Printa ikagoma. Mwalimu Henry wa Songea, aliyenifundisha kompyuta, akasema toleo imara lilitoka kabla printa hiyo haijatengenezwa, kwa hiyo haliijui, ila toleo la maendeleo, ambalo mafundi wa dunia nzima wanalibadilisha kila siku na halina siku ya kukamilika, linaijua. Akanichomea sidii za toleo hilo, akazikabidhi kwa konda wa basi aniletee.

Sasa sikia kosa langu. Niliogopa kubadilisha kila kitu kwa mara moja. Nimekulia kwenye ngolo, kilimo chetu cha mashimo mlimani, na sisi hatupandi mteremko wote zao moja. Upande huu mahindi, upande ule umepumzika, mwaka unaofuata tunageuza. Nikafanya vivyo hivyo: nikachukua mambo ya printa kutoka toleo jipya, mengine nikayaacha ya zamani, mashine ikaniuliza kama iondoe hiki na kile, nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia litania. Nilipoiwasha tena, ilileta skrini nyeusi yenye maandishi meupe, madirisha yote yamepotea, na printa imekaa vilevile.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Othmar, ambaye pia ni baba mkwe wangu, kwa hiyo siwezi kumjibu kama ninavyotaka. Alikuja ghalani na wenzake, akaitazama ile skrini, akaniambia mbele ya watu, "Mama Edina, hii mashine ilikuwa nzima. Umeilima mpaka mwamba." Watu walicheka, na mimi nilicheka kidogo kwa sababu ni kweli.

Hapo akajitokeza Cuthbert, mwenye duka la steshenari mjini Mbinga. Akasema ataichukua mashine na printa yake, ataweka mfumo ambao kila mtu mjini anautumia, na vitakaa dukani kwake; anayetaka lebo ateremke. Nikamwuliza, "Na ukiwa umefunga?"

"Dada, nikifunga si mtasubiri nifungue?"

Hapo ndipo nilipokataa. Tulisubiri chama kikuu cha ushirika, tukasubiri wanunuzi, sasa tumsubiri Cuthbert? Lakini kikao cha kuamua kitaitwa kabla ya mavuno, na mume wangu Joakim ananisihi nirudishe toleo la zamani ninyamaze. Sitaki. Sidii ninazo, jenereta ya ghala ipo. Ninawaza Jumapili, watu wakiwa kanisani, niipeleke mashine nzima kwenye toleo la maendeleo bila kumwambia mtu. Nikikosea tena, magunia yetu yataondoka bila jina na mashine itateremka mjini. Nisipojaribu, ni hivyohivyo. Niambie nifanyeje, ila usiniambie nitulie.

Notburga, Mkumbi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Notburga. Sikuambii utulie. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio kwanza, halafu tungeanza kazi.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha Ukata, hukohuko Mbinga, na ngolo nimeilima kabla sijajua kusoma. Kwa wasomaji wa mbali nieleze: majani hufyekwa yakalazwa kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha udongo huchimbwa katikati ya mistari na kuyafukia, yakabaki mashimo yanayoshika mvua isibebe shamba. Wewe ulikumbuka kugawa mazao ukasahau kinachotangulia. Majani yanatangulia, na yanalazwa mteremko mzima. Ukiacha pengo, mvua ya kwanza inapita hapo hapo na kuondoka na pande zote mbili.

Katika Linux majani hayo ni maktaba ya msingi iitwayo libc. Karibu kila programu imelala juu yake. Vitu vya printa ulivyovitoa toleo jipya vilidai libc mpya. Programu za zamani za madirisha zikakosa pa kushika, mashine ikakuomba ruhusa iziondoe, nawe ukaitikia litania. Haikukudanganya. Ilikuuliza, na hukusoma.

Wapo watakaokuambia toleo la maendeleo ni la mabingwa tu. Wapuuze. Mimi mstaafu ninalitumia hapa mezani. Ni la mtu anayesoma kabla ya kujibu. Lakini ujue unachokitaka: halitulii, na siku moja kitu kitavunjika bila kosa lako. Kwa hiyo printa ikishafanya kazi, usiongeze wala kubadilisha chochote mpaka gunia la mwisho litoke ghalani. Hapo utaniudhi ukikaidi.

Sasa kazi. Shamba la chakula cha mwaka huu halijaribiwi. Mwombe Mwalimu Henry diski ya pili, hata kuukuu, uweke humo toleo imara lililo zima, ili mambo yakiharibika uwashe kutoka huko. Nakili lebo zako, nyaraka zote na folda ya mipangilio iitwayo /etc kwenye sidii, kisha ujaribu kuzifungua kwenye mashine nyingine, maana nakala isiyofunguka si nakala. Mwulize Henry pia kama sidii zake zote ni za siku moja. Toleo hili linabadilika kila kukicha. Ya Jumatatu na ya Ijumaa hazielewani, na utarudi palepale pa nusu kwa nusu. Futa orodha ya vyanzo vya zamani, yaani mahali mashine inapochukulia programu, libaki toleo moja.

Ile skrini nyeusi uliyoonea aibu ndiyo mahali salama pa kufanyia kazi hii, kwa sababu madirisha yenyewe yatabadilishwa, na mtu hasimami juu ya ubao anaoukata. Ukiwa hapo, andika apt-get -s dist-upgrade. Hiyo herufi s inaifanya mashine ikusimulie itakachofanya bila kukifanya. Soma orodha ya vitakavyoondolewa, neno kwa neno. Ukiona kitu usichokijua, simama umwulize Henry. Orodha ikikuridhisha, jaza mafuta ya jenereta, kisha ndipo urudie amri bila ile herufi. Kiini cha zamani cha Linux, kinachoitwa kernel, usikiondoe. Kibaki kwenye menyu ya kuwashia.

Na hilo la Jumapili, hapana. Ukikosea kwa siri, Cuthbert ameshinda. Ukifaulu kwa siri, watasema mashine imepona yenyewe. Fanya siku ya kazi, mlango wa ghala ukiwa wazi, na umwombe baba mkwe wako akae kwenye kiti karibu nawe. Msomee hiyo orodha kwa sauti. Mzee aliyeweza kusema umelima mpaka mwamba ameelewa tatizo lako kuliko unavyodhani; hakuna aliyemweleza tu.

Cuthbert usimtukane. Anatafuta riziki, na lugha yake ya dukani ni ya wote wanaotafuta riziki. Ila jina lenu lisikae nyuma ya kufuli la mtu mwingine, na hilo uliseme kikaoni ukiwa umesimama.

Printa itakapoamka, usianze na lebo ya gunia. Chukua karatasi hiyohiyo ya lebo, chapa kwa herufi kubwa tangazo la kikao cha kuamua kompyuta iende wapi, ulibandike mwenyewe kwenye mlango wa ghala. Kisha uwahi kiti cha mbele.