Nyaya Zimefichwa, Redio ya Mama Imenyamaza

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia cherehani ikiwa imesimama na nguo ya mteja haijaisha, naomba unisaidie kwa shida ambayo nikiwaeleza majirani watanicheka, maana ni shida ya nyumba yenye raha, na wewe nakuomba usinicheke hata kama una haki.

Mimi nashona nguo nyumbani, mume wangu ni seremala wa makabati, mtu mpole asiye na kelele, na tunaishi na mama yake mzazi, ambaye mimi namwita mama tu kwa sababu tangu niingie nyumba hii hajanifanya hata siku moja nijione wa kuja, nilipojifungua kwa upasuaji ni yeye aliyeniogesha na kunilisha, kwa hiyo usidhani nimekuja kumsema mkwe, mkwe wangu namshukuru Mungu kwa ajili yake. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli, lakini alikuwa na redio yake sebuleni, na kila asubuhi kabla hatujaamka alikuwa anapapasa ukuta mpaka kwenye soketi, anabonyeza swichi, anaufuata waya kwa vidole hadi redioni, anawasha, na sisi tukitoka chumbani tunakuta habari zote zimeshafika, nani kajiuzulu, mvua itanyesha wapi, timu gani imefungwa, mpaka majirani wakampa jina la Mtangazaji, wakawa wanasimama mlangoni kumuuliza habari za siku, naye anawapa kwa sauti ya redioni kabisa na kutia chumvi kidogo.

Sasa sebule yetu ilikuwa na nyaya zimezagaa sakafuni, wa televisheni, wa king'amuzi, wa spika, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, na siku moja mama akajikwaa akaanguka akaumia goti. Mume wangu aliumia kuliko goti lenyewe. Alianza kuleta mbao, na kila akitoka kazini badala ya kupumzika anapima, anakata, anapiga msasa, mpaka akamaliza ukuta mzima wa mbao, televisheni imening'inia juu yake, nyaya zote zimepita nyuma, soketi na swichi ziko ndani ya kabati lisilo na mpini, unalisukuma ndipo linafunguka, na redio nayo ameiweka humo humo ndani, nje zinaonekana spika tu, unawasha kwa rimoti au kwa simu. Mshauri, ni kazi nzuri, watu wanakuja kuitazama, mimi nilifurahi mpaka nikalia, na mama alimshika mwanawe kichwa akamwambia, "Asante, baba. Sasa natembea bila woga."

Tangu siku hiyo redio haijalia asubuhi. Mwanzoni nilidhani mama anajipumzisha, kisha mume wangu akaniuliza mbona mama hasikilizi tena redio, nikamjibu eti amechoshwa na habari mbaya, uongo huo sijui niliutoa wapi, hadi juzi nilipoingia sebuleni kuchukua mkasi nikamkuta mama amesimama anapapasa zile mbao, kiganja kinapita taratibu kutoka juu hadi chini, kinakwenda pembeni, kinarudi, na mkono wa pili umeshika rimoti, ameishika kinyume. Nikamuuliza, "Mama, unatafuta nini?" Akashtuka. Akasema, "Naigusa tu kazi ya mwanangu, ilivyo laini." Nikamwashia redio huku machozi yananilenga, akasikiliza kidogo, kisha akanishika mkono akaniambia, "Usimwambie mumeo. Amehangaika kwa ajili yangu. Habari nilizokwisha kuzisikia zinanitosha." Nami nikamwahidi.

Na hapa ndipo maji yaliponifika shingoni, kwa sababu mume wangu kila akirudi kutoka kazini anashukuriwa upya, basi ameona amwongezee mama zawadi, Jumamosi hii anaingia chumbani kwake, anataka kuficha nyaya zote na swichi ya taa pia, taa iwe ya rimoti, na mama ameambiwa naye akasema asante. Nikisema, nimevunja ahadi ya mama na nimemvunja moyo mume wangu. Nikinyamaza, mama ataishia kukaa gizani chumbani kwake huku anashukuru. Nifanyeje?

Fundi Cherehani Mwenye Siri

*

Binti yangu,

Kabla sijakugombeza, asante. Sanduku langu hujaa barua za watu na wakwe zao wanaotegana kwa maneno na kunyimana hata maji ya kunywa, na leo nimepata nyumba ambamo watu wanapendana mpaka wanashindwa kuambiana ukweli. Barua yako niliirudia kwa raha tu. Raha hiyo imekwisha, sasa nisikilize.

Umekosea pale ulipomwambia mumeo kwamba mama amechoshwa na habari mbaya. Yeye aliuliza swali la mtoto anayemjua mama yake, na wewe ukamfungia mlango usoni. Unamlinda na nini hasa? Mtu anayetengeneza makabati kila siku anaambiwa na wateja, "Fundi, rafu hii iko juu mno, sifikii," naye anachukua drili anaishusha, wala harudi nyumbani akilia. Wateja wanamwamini kuliko unavyomwamini wewe mkewe. Hilo nalisema likuume kidogo.

Kuhusu ahadi, usiivunje kwa kificho. Weka mkasi chini leo hii, nenda kwa mama, kaa karibu yake, mwambie, "Mama, nimeshindwa kuitunza ile ahadi, nimekuja kukurudishia." Atakataa. Atakuambia ametosheka. Mwambie mwanawe hakupiga msasa jioni zote zile ili apewe asante, alitaka mama yake asianguke tena, na mama haanguki, hilo amefanikiwa na anastahili kushukuriwa kwa moyo wote. Redio ni jambo lingine, na linasemeka. Aliseme mwenyewe, mumeo akirudi, kabla ya Jumamosi kufika, na wewe uwepo hapo hapo. Akishikwa na kigugumizi msemee, lakini mbele yake. Mambo ya kwenda kumnong'oneza mumeo chumbani mlango umefungwa kana kwamba mama ni mgonjwa, sitaki kuyasikia.

Mumeo akishaelewa, pengine atataka kung'oa kila kitu kwa majuto. Mkatalie. Kazi yake ni nzuri, ila alipofika kwenye swichi alisahau kusimama. Waya ndio uliomwangusha mama, waya ufichwe. Swichi haijamwangusha mtu, tena kwa mama ndiyo iliyokuwa inamwonyesha njia. Wala si yeye peke yake aliyesahau. Wewe ulikuwa unamwona mama akiufuata ule waya kwa vidole kila asubuhi, na kazi ilipoisha ulilia kwa furaha, hukuuliza atawasha wapi.

Basi fanyeni hivi. Redio itoke kabatini ikae kwenye rafu karibu na kiti anachokaa mama. Aitwe fundi umeme avute soketi moja yenye swichi usawa wa mkono wake, na nasema fundi umeme, maana mumeo kwa hamu ya kurekebisha anaweza kushika bisibisi na kujifanya anajua umeme. Mama mwenyewe asimame pale na aonyeshe, hapa, si hapo. Kwenye swichi gundisha kifungo kinene cha koti, vifungo unavyo tele, na kingine juu ya kitufe cha kuwashia redio, ili kidole kikigusa kisibahatishe. Na nyuma ya lile kabati lililofungwa mumeo atoboe matundu, king'amuzi kikikosa hewa kitachemka mpaka kiungue.

Chumbani kwa mama, nyaya zipite ndani ya ile mifereji ya plastiki inayobandikwa chini ya ukuta, na hiyo inatosha kwa kazi ya Jumamosi. Swichi ya taa isiguswe. Mama anaijua ilipo. Rimoti ya taa mkaifunge chumbani kwenu, mtapambana nayo wenyewe.

Mimi nawashukuru ninyi nyote, hata huyo seremala wako, kwa sababu mama wengi wanaanguka na hakuna anayeleta mbao. Lakini kazi ikiisha najua mtakachotaka kufanya. Mtataka kusimama nyuma yake mkimtazama anavyowasha, mkingoja aseme kitu. Msifanye hivyo. Amka asubuhi, sikia redio inalia, ubaki kitandani, na mumeo umshike mkono asitoke. Mwacheni mama awashe redio yake, nyumbani kwake, bila kumshukuru mtu.