Dakika Kumi na Nane za Mstari Uliolala

Kwako dada mpendwa,

Natumaini umzima, wewe na shemeji, na ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua tu, usiniulize zaidi ya hapo. Baba hali mpaka alazimishwe, na kiti cha mama hakuna anayekikalia.

Juzi karani wa magari pale kiwandani aliniita. Gari langu la kusambazia mikate lina kifaa kinachorekodi kila safari, naye alikuwa amechapa grafu ya asubuhi ile niliyompeleka mama hospitali: muda chini, umbali ubavuni. Alinieleza kwa ncha ya kalamu kwamba mstari ukipanda polepole, gari linakwenda polepole. Ukipanda kwa mwinuko mkali, linakimbia. Kilomita kumi na mbili za mwisho nilizimaliza kwa dakika tisa. Hiyo ni kasi ya themanini, katikati ya mji. Alisema mwingine angeadhibiwa, lakini si mtu anayemkimbiza mama yake. Akanipa pole, akanishika bega.

Kisha kalamu ikarudi katikati, mahali mstari umelala kabisa, muda unakwenda na umbali hauongezeki hata hatua moja.

"Hapa ulisimama dakika kumi na nane," akasema. "Foleni, eh?"

Nikasema foleni. Ndivyo nilivyowaambia hata ninyi msibani, mkanisifu kwa kujitahidi.

Dada, foleni haikuwepo. Barabara ilikuwa nyeupe. Mama aliinamisha kichwa, nikamwita mara tatu, kimya. Nikamshika mkono, wa baridi. Nikaamini ameshatutoka. Niliegesha mbele ya duka la matairi lililofungwa, nikazima injini, nikashuka. Sikuthubutu kumtazama tena. Nililia nimempa mgongo, mpaka nikasikia kioo kinagongwa kwa ndani. Alikuwa yeye.

"Mbona tumesimama, mwanangu?"

Ndipo nikakimbia. Daktari alisema tungewahi robo saa tu, wangemwokoa.

Baba hajui. Kila asubuhi ananishukuru kwa kumhangaikia mkewe, nami naitikia. Nimechoka kushukuriwa, dada. Wewe ndiye mkubwa wetu: niambie nimwambie au ninyamaze. Na ukiona huwezi tena kuniita ndugu, usijibu, nitaelewa.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba