Uso Huo Si Tetekuwanga

Mwanangu,

Leo asubuhi ulipokuwa umelala, nesi wa kliniki alipiga simu kuuliza unaendeleaje tangu wakuchome uso kwa mashine ya mwanga kutoa madoa. Kumbe si tetekuwanga kama ulivyoniambia! Na mimi nimewafungisha saumu wajane wenzangu wakuombee, wanashinda na njaa.

Anasema wekundu na uvimbe ni kawaida. Ngozi itabanduka yenyewe, usiichokonoe. Paka mafuta waliyokupa. Juani usitoke. Ukiona usaha, wapigie.

~~Chakula jipikie.~~ Supu iko kwenye chupa ya chai.

Ungeniambia, ningekugombeza, kisha tungekwenda wote.

Nimekwenda kuwaambia wenzangu ukweli, wale chakula. Mimi nitaendelea kufunga. Jicho lako la kushoto lilivyovimba silipendi.

Mama yako