Simu ya Babu Iliyouzwa Bila Dhamana

Jumamosi, 4 Mei
Babu anauza simu yake. Ametangaza wakati wa chai, kwa sauti ya mtu anayeaga. Anasema masikio yamestaafu kama yeye. Mwaka mzima sasa akipigiwa anasikia kama nzi ndani ya chupa. Anayetaka kuzungumza naye aje nyumbani.

Mama alisogeza kiti chake karibu na cha Babu. Tangu mwaka jana sote tunaongea naye kwa kupaza sauti. Siku hizi hata paka anaitwa kwa kelele.

Mnunuzi amepatikana kabla chai haijapoa. Ni Mama Pini, fundi cherehani wa duka la kona, ambaye huongea huku pini zimebanwa midomoni. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa.

Mimi nimepewa kazi ya kuandika hati ya mauziano. Mimi! Nimekitoa kitabu cha biashara cha shule, sura ya kumi na moja.

Jumapili, 5 Mei
Nimeiandika hati mara tatu. Kifungu cha tatu ndicho ninachojivunia: "Simu inauzwa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Muuzaji hajui kasoro yoyote iliyofichika."

Babu hakukipenda. Alikuwa fundi saa miaka arobaini, na hakuna saa iliyoondoka mezani kwake bila kikaratasi cha dhamana ya miezi mitatu. Nikamweleza, polepole na kwa sauti ya juu, kwamba mwenye duka husimamia anachouza, ila mtu binafsi anayeuza kitu alichokitumia mwenyewe anaweza kukubaliana na mnunuzi kwamba hakuna dhamana. Labda awe aliijua kasoro akaificha – hapo karatasi haimwokoi. Kitabu kinasema hivyo.

Akanitazama juu ya miwani. "Haya, wakili wangu. Aliyesoma ni wewe."

Kabla ya sahihi tulijaribu kila kitu. Tochi, kamera, chaji, mlio. Mama Pini akaniomba niipigie kidogo asikie. Simu ya Mama nilikuwa nayo mkononi. Nikatuma ujumbe badala yake: "Majaribio." Uliingia papo hapo, wote wakaridhika. Babu akatia sahihi, Mama Pini akatia sahihi, na mimi shahidi.

Sipendi kupiga simu. Sijui watu huanzaje.

Jumatano, 8 Mei
Mama Pini amekuja bila pini hata moja mdomoni. Nikajua kuna jambo.

Simu haisikiki. Akiiweka sikioni, mteja ananong'ona tu, mpaka aweke spika. Sasa duka zima linajua kipimo cha kiuno cha mwalimu mkuu. (Sitaweza tena kumtazama mstarini asubuhi.) Babu hakuwa anajua hata kama simu ina spika.

Babu aliomba karatasi. Akakisoma kifungu cha tatu, kidole juu ya kila neno. Mama Pini akasema hadai chochote, sahihi ameweka kwa mkono wake, amekuja kueleza tu, basi. Afadhali angegomba! Akaondoka akisema haidhuru, Mzee.

Baadaye nilimkuta Babu bado ameishika karatasi.

"Watasema nilijua?"

Nikaanza kumweleza kitabu kinavyosema. Akasema hajauliza habari za kitabu.

Alhamisi, 9 Mei
Babu alikwenda kununua sabuni. Hakupita mbele ya duka la Mama Pini. Alizunguka nyuma, njia ya matope. Viatu vyake viko mlangoni, sijavisafisha, nimeviangalia tu.

Ijumaa, 10 Mei
Naandika haraka.

Jirani alileta saa ya mkononi. Babu amestaafu lakini hawezi kukataa saa. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo. "Inachechemea hii," akasema. Nikaichukua nami nikasikiliza. Ilinibidi nizuie pumzi ndipo nikasikia mlio wenyewe, mdogo kama wa chungu anayetembea.

Nikabaki nimesimama na sahani mkononi. Mtu asiyesikia simu anasikiaje saa?

Nikampa mgongo. Nikauliza, kwa sauti ninayotumia maktaba, kama anataka chai.

"Bila sukari," akasema Babu. "Na mbona unanong'ona?"

Mama alitoka jikoni akacheka hadi akakaa chini. Mwaka mzima tumemfokea mzee wa watu! Tulimuuliza kwa nini hakusema kitu. Akasema alidhani kelele ndiyo tabia yetu mpya, akaona avumilie.

Masikio hayana neno, basi. Simu ndiyo mbovu, na ilikuwa mbovu tangu alipokuwa nayo yeye. Babu aliacha kucheka kabla yetu. Akasema, kumbe amemuuzia mama wa watu kitu kibovu, na karatasi juu.

Hapo nikamwambia habari za ule ujumbe. Kwamba niliombwa kupiga nikaogopa, na kama ningepiga tungejua palepale, kabla ya wino. Nilidhani atakasirika. Akanishika kichwa kama anapima tikiti, akasema kesho tunakwenda wote wawili, kwa njia ya mbele.

Jumamosi, 11 Mei
Niko kwenye ngazi ya duka la Mama Pini. Naandika nyuma ya daftari la hesabu, nitanakili nyumbani.

Babu alikuja na lenzi yake ya jichoni na kibrashi kidogo. Alimwambia Mama Pini yote akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa kwanza. Mama Pini akasogeza vitambaa na chaki, akampisha mezani. Lile tundu la kusikilizia lilikuwa limeziba kabisa. Babu alinusa ncha ya kibrashi. Ni mafuta ya saa, yamegandamana na vumbi la miaka. Mafuta yake mwenyewe, ya vidole vyake mwenyewe. Aliyatoa kidogo kidogo kwa tone la spiriti.

Alipomaliza, wote wawili wakanitazama. Lazima mtu apige, tena kutoka nje.

Nikatoka na simu ya Mama. Nikapiga. Babu akapokea, akasema halo, na mimi sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa na hati mfukoni. Nikaisoma. Kifungu cha kwanza, cha pili – na dirishani nilimsikia Babu akirudia kila neno baada yangu, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Sauti yake ilikuwa imechangamka. Nikafika cha tatu.

"Hapo pafute," akasema. "Andika miezi mitatu."

Mama Pini akamnyang'anya simu. "Usifute, mwanangu. Ukifuta, watu watadhani alinidanganya, na huyu hakunidanganya."

Babu akaichukua tena. Akasema kitu kilichotoka mezani kwake kina dhamana, na leo hii simu imetoka mezani. Mama Pini akauliza meza yenyewe ni ya nani. Bado wanabishana, nawasikia dirishani na nawasikia sikioni, na Mama Pini ameanza kucheka, na pini zimerudi mdomoni, hilo halifichiki.

Karatasi iko juu ya goti. Kalamu imefika kwenye neno "bila". Simu bado ninayo sikioni, sijaikata, bega limeanza kuuma. Babu anauliza nimefikia wapi. Nimemwambia nimefika kwenye "bila", na asikate simu.