Nyumba Nyekundu ya Musonoi

Dilala, Kolwezi, tarehe 9 Machi

Kwa mdogo wangu Ndaya, mama Stany,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta umetulia, mihogo yako imekauka vizuri, na magoti hayakusumbui kama kipindi cha baridi kilichopita. Nasikia treni ya Kasaji imeanza kupita tena, ingawa haijui siku yake. Nisalimie majirani wa karibu na stesheni, na yule mama wa parokia aliyenitumia asali. Mwambie asali imekwisha na chupa naitunza, asije akadhani nimeila na chupa yake.

Mimi nipo. Mapafu yamechoka, vumbi nililovuta mgodini halikutoka hata siku moja. Daktari, ambaye zamani alikuwa akinigombeza, sasa anaongea nami kwa upole, na hapo ndipo nilipoelewa. Usilie, Ndaya. Nimeishi miaka mingi kuliko baba yetu na akili zangu ninazo zote. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Ukiona mwandiko umepinda mahali, ujue nilisinzia.

Utajiuliza kwa nini naandika kutoka Dilala, nyumbani kwa Mignonne, na si kutoka nyumba yetu ya Musonoi. Uliniandikia kabla ya Noeli ukiniuliza kama chumba cha mbele bado kinakungoja, kwa kuwa watu wa reli wanataka nyumba yao tangu shemeji alipofariki. Barua niliipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na ujasiri. Leo nakujibu, ila nitapitia kwanza kwenye kazi ya Mignonne, maana bila hiyo hutanielewa.

Unamkumbuka mjukuu wangu huyu alivyokuwa mdogo, akihesabu kila kitu hadi mbegu za maboga tulizotema mezani. Alimaliza masomo ya kompyuta Lubumbashi, na sasa yuko na vijana wenzake katika ofisi ndogo juu ya duka la simu. Wanatafuta kujua mapema mahali ambapo ardhi itatitia. Unaujua mji wetu. Watu wamechimba kila upande wakitafuta kobalti, na mvua ikikaza, ardhi inafunguka, nyumba inaingia na watu wake. Siku zote sisi tulijua baada ya kilio. Vijana hawa wanataka tujue kabla.

Alinieleza polepole, kama mimi nilivyomfundisha zamani kusoma ramani. Kuna satelaiti inayopita juu yetu na kupima uso wa ardhi. Kiwanja kikishuka kwa unene wa ukucha, inaona. Vipimo hivyo wanaviweka pamoja na mvua, aina ya udongo, maji ya visima, na mashimo yote ambayo watu wamechimba. Kompyuta inatafuta jinsi mambo hayo yanavyofuatana, kisha inapaka ramani rangi. Kijani maana yake kaa, ya machungwa maana yake kuwa macho, nyekundu maana yake ondoka. Wenyewe wanaiita modeli. Nilipokuwa géomètre wa kampuni, nikipima njia za chini ya ardhi, tulikuwa tukibahatisha mambo hayo hayo kwa penseli na sala.

Basi walipita Musonoi nyumba kwa nyumba wakiuliza kila familia ina mashimo gani kwenye kiwanja chake. Watu walijibu vizuri, wakawapa na maji ya kunywa. Siku chache baadaye Mignonne alikuja kwangu amebeba kompyuta, uso umekunjamana. Alisema modeli yake imechanganyikiwa, na kwamba akiiamini, basi Musonoi ndiyo yenye vyoo vingi kuliko mahali popote duniani. Akanionyesha kiwanja cha jirani yetu, Tata Kalumba.

“Kaku,” aliniambia mimi babu yake, “batu babili, bachoo ine?”

Nilicheka hadi nikakohoa. Tata Kalumba na mkewe, wazee wawili, vyoo vinne! Mignonne alidhani vijana wake wamekosea kuandika, na alikuwa tayari kuvifuta vyote. Nikamwambia asifute. Nilimweleza kuwa kwetu mtu akichimba kobalti ndani ya kiwanja chake, anajenga kibanda juu ya shimo na kutundika pazia mlangoni, kwa sababu choo ndicho shimo pekee ambalo afisa haombi kulichungulia. Kila choo cha pili kwenye orodha yake kilikuwa mdomo wa njia ya chini.

Hakucheka. Alitazama tena ramani, kisha akaniambia kwamba kompyuta imefundishwa uongo na watu wote, na yenyewe inaurudia kwa uaminifu. Nyuma ya ukuta wetu, unakumbuka, iko shule ya msingi. Modeli ilikuwa imeipaka kijani. Mama Tshibola, mwalimu mkuu, alikuwa tayari ameibandika ramani hiyo kwenye mlango wa darasa la nne ili wazazi watulie.

Waliitisha mkutano katika ukumbi wa parokia. Mignonne aliwaambia watu kwamba hataki majina, hataki polisi, hataki kujua nani aliuza nini. Anataka kujua shimo liko wapi, linashuka kiasi gani na linaelekea wapi. Alihitaji hata shimo moja tu lililosemwa kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, ili modeli iweze kuyatambua mengine yanayofanana nalo. Watu walitazama viatu vyao. Tata Kalumba alisimama akasema kwa heshima kwamba yeye ana tumbo bovu tangu ujana na vyoo vinne ni agizo la daktari. Ukumbi ulicheka, hata Mignonne alicheka, na baada ya kicheko hicho ilionekana wazi kwamba watu watachukua kofia zao waende nyumbani.

Hapo mzee mmoja aliomba asaidiwe kusimama.

Sasa, Ndaya, kaa chini. Mzee huyo alikuwa mimi. Niliwaambia kwamba nyumbani kwangu kuna kibanda chenye pazia la maua, kwamba ndani yake hakuna choo, na kwamba njia ya chini inapita chini ya chumba changu, chini ya ukuta, hadi chini ya darasa la nne.

Ulimwengu wote wa Musonoi unajua hayo. Kuna mengine ambayo sikuyasema ukumbini, na nayaandika kwako peke yako kwa sababu sitaki kuondoka nayo.

Aliyechimba ni Stany. Mwanao hafanyi kazi ya ukarani katika depo, kama alivyokuandikia. Depo ilifungwa zamani, na aliona aibu kukwambia. Alianza kuchimba choo cha kweli nyuma ya jiko, akatoka na jiwe jeusi mkononi, akaniuliza, “Mjomba, hii ni nini?” Ningeweza kumwambia ni jiwe tu. Lakini nililishika, nikalilowesha kwa ulimi kama tulivyofanya kazini, na moyo wangu ukaruka kama wa kijana. Miaka mingi nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na dirisha, watu wakinisalimia na kupita. Siku ile mtu aliniuliza swali ambalo mimi ndiye niliyelijua jibu lake.

Nilitoa dira yangu sandukuni. Nilimwonyesha mwamba unaelekea wapi, wapi aweke nguzo, wapi apunguze paa la njia. Yeye na mwenzake Dodo walikuwa wakipiga nyundo wakati watoto wa shule wakiimba, ili sauti isisikike, na mimi nilikaa juu nimeshika kamba nikiwaongoza. Ni mimi niliyesema wageuke mashariki. Nilijua kabisa mashariki kuna nini. Nilijiambia mwamba ni mgumu, na nikaendelea kujiambia hivyo. Usidhani njaa ndiyo iliyonisukuma. Mabati mapya uliyoyasifu kwenye picha yalitoka humo, na dawa zangu pia, lakini hata bila hayo ningefanya. Nilikuwa na furaha, Ndaya. Hicho ndicho kilichonikaba kila nilipotaka kukuandikia. Nilikuwa na furaha, na juu ya furaha yangu walikaa watoto wa watu.

Baada ya mkutano, Mignonne hakuniuliza kwa nini. Alileta karatasi kubwa, nikachora njia yote kwa mkono huu, na Stany akashuka na kamba ya kupimia kuhakikisha. Waliiingiza katika modeli. Aliponigeuzia kompyuta, shule ilikuwa nyekundu, na nyumba yetu nyekundu.

“Kaku,” aliniambia, “nyumba yako iko rouge. Mi siwezi kukufichia.”

Nilimwambia asinifiche. Hivyo ndivyo nilivyopoteza nyumba ambayo nusu yake ni yako, bila kukuuliza. Naomba unisamehe kwa hilo, na kwa Stany.

Mama Tshibola alihamisha madarasa kwenye ukumbi wa parokia wiki hiyohiyo. Wazazi walinuna, wengine walisema mzee Kanyinda amezeeka vibaya. Kisha ikaja ile mvua ya Januari, nadhani ilifika hata kwenu. Asubuhi yake tulikuta uwanja wa shule umeshuka, sakafu ya darasa la nne imepasuka vipande, na mlingoti wa bendera umezama hadi kiunoni. Hakuna aliyekuwamo. Watoto walikasirika kwamba walikosa kuuona ukizama. Mama Tshibola alikuja kunitembelea hapa, akakaa pembeni ya kitanda, akanimenyea chungwa.

Tangu siku ile watu wanamfuata Mignonne wenyewe. Tata Kalumba alikuwa wa kwanza. Alikiri kwamba tumbo lake halina shida yoyote na kwamba vyoo vitatu kati ya vile vinne vinakutana chini. Shimo letu lilikuwa somo la kwanza, na modeli ikaanza kunusa mengine hata pale ambapo hakuna aliyesema. Familia nyingi zimehama kwa miguu yao, na magodoro yao. Sasa watu wa Dilala nao wanaomba wapimwe, na vijana wanafikiria kutumia njia hiyohiyo kwa visima vyenye maji mabaya.

Stany anafanya kazi nao. Anashuka katika njia za watu, anapima, na akirudi juu anawaambia vijana wa cité, wa mitaa yetu, mambo ambayo wasingeyasikia kutoka kwa mtu mwenye viatu safi. Watoto wamempa jina la Directeur wa Bachoo, na anaitika. Usimkemee sana. Mkemee kidogo, maana anaungoja ukali wako na atadhani humpendi usipomkemea.

Kuhusu nyumba, wanajaza njia ile kwa mawe na udongo wenye saruji, na kila mwezi kompyuta inapima upya. Juzi Mignonne alinionyesha kwamba pembeni, upande wa jiko, rangi imeanza kugeuka ya machungwa. Anasema baada ya misimu miwili ya mvua huenda ikarudi kijani. Mimi sitaiona, ila utaiona wewe, na chumba cha mbele ni chako kama nilivyokuahidi.

Kwa sasa njoo hapa Dilala. Mignonne anakungoja, na kitanda hiki ninachoandikia kitakuwa wazi karibuni. Usikiogope, ni kizuri, kinatazama bustani ya mboga. Ukiwahi kabla sijaondoka, nitakupisha upande wa ukutani kama tulipokuwa wadogo. Stany atakupokea stesheni akiwa na kofia ya njano. Mwache akusimulie mwenyewe. Ameacha uongo.

Salamu kwa wote wa Kasaji, wakubwa kwa wadogo. Mignonne anakusalimu, Tata Kalumba anakusalimu na choo chake kimoja. Mungu akulinde njiani, na treni ikuhurumie.

Ni mimi, kaka yako mkubwa anayekupenda,

Séraphin Kanyinda