Harage la Baraka

Jumapili, Juni 2014, Kasulu. Asubuhi ya baridi, upepo mkavu, vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai.

Leo nina fahari, na si yangu.

Nilikwenda Rungwe Mpya kumsalimia mdogo wangu, Leonia. Uani walikuwa wanapura maharage. Mwanawe Baraka, wa miezi minane, alitambaa hadi kwenye turubai, akaokota punje, akaitia mdomoni. Tuliona tukiwa tumechelewa. Hakulia. Hakukohoa. Midomo ikaanza kugeuka bluu.

Mama mkwe wa Leonia alikuwa karibu zaidi. Alimpakata, akamwinua kidevu. "Leteni maji, lishuke."

Leonia akamnyang'anya mtoto.

Kwetu Buha mkamwana hamnyang'anyi mama mkwe hata ufagio.

Alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini kuliko kiwiliwili, taya kalishika. Akampiga kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, mara tano. Bado. Akamgeuza chali, vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, akabonyeza mara tano. Akachungulia mdomoni, hakutia kidole: usichokiona utakisukuma ndani zaidi. Akamgeuza tena. Pigo la tatu, harage likaanguka, mtoto akalia.

Angekuwa anakohoa kwa nguvu, aliniambia baadaye, angemwacha akohoe.

Ukweli wangu ni huu. Alijifunza hayo mjini Kibondo, kwenye mafunzo ya akina mama, akiwa mjamzito. Nami nilikuwepo, nimetumwa kuripoti. Niliandika hotuba ya mgeni rasmi, nikaandika nani alikaa meza kuu, nikaondoka wakati muuguzi anakunja khanga iwe mtoto wa mfano. Habari ilitoka, haina hatua hata moja. Leonia alibaki kwenye benchi mpaka mwisho.

Miaka kumi na saba ya kazi hii, na leo nilisimama uani sijui mkono uwekwe wapi.

Tulimpeleka zahanati. Mganga alisikiliza kifua, akasema kiko sawa, ila tukisikia anakoroma au anakohoa tumrudishe.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi palepale.

"Umeninyang'anya mtoto mbele ya kaka yako."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Maji yangu yangemmaliza." Akavuta khanga, akaikunja, akailaza mkononi. "Haya, mwalimu. Kichwa kinakaa wapi?"

"Chini, mama. Chini zaidi."

"Huyu si kuku, ataanguka."

"Ndiyo maana unashika taya."

Leonia alimpigia magoti huku akimsahihisha, na bibi akarudia mpaka akapatia.

Kesho nampelekea mhariri hatua zote kwa mpangilio, na jina la Leonia juu. Akisema hiyo si habari, nitamuuliza habari ni nini.